Nani Amekufa? Hotuba yangu kuhusu kuishabikia Buffalo Bills

(Haya niliyasema Jumamosi moja ya Agosti 2025 kwenye mkutano wa wazazi na vijana wetu wa hapa Buffalo, jimbo la New York. Wengi walikuwa kazini, wakaniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama yalivyonitoka mdomoni.)

Wazee wangu, mama zangu, kaka na dada, na ninyi vijana mliojipanga kule nyuma karibu na mlango: hamjambo? Asanteni.

Mada ya leo nimepewa na mtu aliye humu ndani. Simtaji. Mwezi wa kwanza mwaka huu, Jumatatu asubuhi, alinipigia simu kabla sijavua viatu vya zamu ya usiku. Akaniambia, "Dada, mwanangu hakulia hata tulipomzika babu yake. Jana amelia mpaka akalala bila kula. Na kilichomliza ni mpira. Tena mpira wenyewe unashikwa kwa mikono! Nimpeleke kwa daktari au kwa mchungaji?"

Mnacheka. Wangapi humu mna mtoto wa namna hiyo nyumbani? Inueni mikono. Haya, shusheni. Na wangapi ninyi wenyewe ndio huyo mtoto? Baba mwenye koti la bluu, nimekuona.

Siku ile nilimjibu ovyo, kwa sababu nilikuwa na usingizi, na kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimelia. Kansas City walikuwa wametufunga sisi Buffalo Bills, timu yetu ya mpira wa Kimarekani, 32 kwa 29, tukabaki hatua moja tu kuingia fainali. Leo nataka kumjibu vizuri.

Twendeni nyuma kidogo, Novemba 2010. Tulikuwa na wiki tatu hapa Buffalo. Njia tuliyopita wengi wenu mnaijua: Fizi kule Kongo, Ziwa Tanganyika, Kigoma, miaka kumi na minne kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kisha ndege. Tulipewa nyumba ya ghorofani huku West Side, yenye mabomba ya joto yanayogonga usiku kama mtu anayebisha hodi. Jumapili ya tarehe 28 tukatoka kanisani, tukafika nyumbani saa saba mchana. Mtaa mtupu. Hakuna gari linalopita, hakuna mtoto nje, hata yule jirani mwenye mbwa hayupo.

Niambieni. Mtu wa kwetu akikuta mtaa mtupu mchana kweupe, anafikiri nini?

Ndiyo. Anafikiri wanakuja.

Nikafunga mlango. Nikawaambia watoto wakae chini, mbali na dirisha. Mume wangu akaanza kuwavisha viatu, kimyakimya, kama tulivyozoea. Tukakaa hivyo karibu saa tatu. Giza lilipoanza kuingia nikasikia ukunga. Si nyumba moja. Nyumba ya chini, nyumba ya pili, nyumba ya ng'ambo ya barabara, zote kwa mara moja, wanaume wazima. Nikasema basi, yametufuata hata huku.

Nikateremka ngazi nikagonga kwa jirani wa chini, mzee mstaafu ambaye mpaka siku hiyo tulikuwa tunapungiana mikono tu. Akafungua. Macho mekundu. Kwa Kiingereza changu cha maneno mia moja nikamuuliza: nani amekufa?

Akanitazama sana. Kisha akaninyooshea kidole televisheni.

Hakuna aliyekufa. Tulikuwa tunacheza na Pittsburgh Steelers, matokeo 16 kwa 16, muda wa nyongeza. Mpira ulirushwa kutoka mbali, ukamfikia Steve Johnson mikononi, ndani kabisa ya eneo la kufungia, na hakuna wa kumzuia. Ukamponyoka. Steelers wakaja wakafunga, wakashinda 19 kwa 16. Baadaye Johnson akaandika mtandaoni akimlalamikia Mungu kwamba yeye humsifu usiku na mchana, na malipo yake ndiyo haya? Mchungaji, usinitazame hivyo, mimi nasimulia tu. Ila Zaburi nazo zina malalamiko yake.

Yule mzee akanipa kiti. Hakusema neno. Nami nikakaa, nikanyamaza pamoja naye. Si ndivyo tufanyavyo? Msibani huingii na hotuba. Unaingia, unasema pole, unakaa. Nikakaa robo saa, nikapanda juu, nikamwambia mume wangu, "Wavue watoto viatu. Hawa wana msiba wa mpira."

Mwaka ule timu ilikuwa imepoteza mechi nane za kwanza mfululizo. Nane! Na bado watu walikuwa na machozi ya kumlilia Steve Johnson. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza, hawa ni watu wa namna gani?

Kwa wasioujua mchezo, nitasema haraka, kwa sababu vijana watanirekebisha. Watu kumi na mmoja kwa kumi na mmoja. Una nafasi nne za kusogeza mpira yadi kumi. Ukizifikisha, unapewa nafasi nne nyingine. Ukishindwa, mpira ni wa mwenzako. Ukiufikisha mwisho kabisa ni tachidauni, pointi sita. Ukiupiga kwa mguu katikati ya milingoti miwili ni pointi tatu. Anayepanga na kurusha ni kwotabeki. Mengine yote ni wanaume wakubwa wanasukumana kama watu wanaogombea basi la mwisho.

Lakini kuna jambo moja kubwa kuliko sheria zote hizo. Mechi ni chache. Simba na Yanga wakipoteza leo, baada ya siku tatu wako uwanjani tena. Huku msimu mzima wa kawaida ni mechi 17, moja kwa wiki. Ukifungwa Jumapili, unaamka na kipigo hicho Jumatatu, unakwenda nacho kazini, unakula nacho Jumatano. Nilipokuwa nafua mashuka ya hoteli, tulikuwa tunajua Jumatatu itakuwaje kwa kumsikiliza msimamizi anavyoshusha mkoba wake mezani.

Yule mzee akawa mwalimu wangu. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha chuma cha Bethlehem Steel, hapo Lackawanna, mpaka mwaka 1983 kilipozima karibu kazi yote. Siku moja alinipitisha kwenye gari akawa ananionyesha: hapa palikuwa na watu, hapa palikuwa na watu, hapa palikuwa na watu. Mwaka 1950 Buffalo ilikuwa na watu zaidi ya 580,000. Mwaka tuliofika sisi, 2010, walibaki kama 261,000. Kiwanda kimekwenda, watoto wamekwenda Florida na Texas. Kilichobaki, alisema, ni theluji, kanisa na Bills.

Akanisimulia Januari 27, 1991. Fainali, Super Bowl, kule Tampa. Bills wamefungwa 20 kwa 19 na New York Giants, zimebaki sekunde nane. Anaitwa mpigaji, Scott Norwood. Mkwaju wa yadi 47. Akipata, Buffalo ni bingwa wa Marekani kwa mara ya kwanza tangu Super Bowl ianze. Akaupiga. Mpira ukaenda juu, mrefu, mzuri, ukapita nje upande wa kulia.

Sasa nataka mnisikilize hapa. Kwetu, mchezaji akikosa penalti ya namna hiyo, analala wapi? Nani anampokea uwanja wa ndege?

Kesho yake timu ilirudi. Maelfu ya watu wakajaa Niagara Square, mbele ya ukumbi wa jiji, katikati ya Januari, na Januari ya hapa hamhitaji kuelezwa. Wachezaji wakapanda jukwaani mmoja mmoja. Umati ukaanza kuita jina. Si la kwotabeki Jim Kelly, si la Thurman Thomas. Wakawa wanaita: tunamtaka Scott! Tunamtaka Scott! Norwood alikuwa amejibanza nyuma ya wenzake. Akasogezwa mbele kwenye kipaza sauti, sauti inakatika, akasema hajawahi kujisikia kupendwa kama saa ile.

Mzee alikuwa pale. Alinisimulia habari hiyo miaka ishirini baadaye na mkono wake ulikuwa unatetemeka kwenye usukani. Nikamwambia, mzee wangu, simama pembeni kwanza.

Na wakarudi tena fainali 1992, wakafungwa. Wakarudi 1993, wakafungwa. Wakarudi 1994, wakafungwa. Fainali nne mfululizo, hakuna timu nyingine iliyowahi kufika mara nne mfululizo, na zote nne wakapoteza. Ile ya 1993 waligaragazwa na Dallas 52 kwa 17. Nataka niwape kipande kimoja tu cha mechi hiyo, kwa sababu hapo ndipo mimi nilipoolewa na timu hii. Dakika za mwisho. Mechi imekwisha, kila mtu anajua imekwisha. Jitu la Dallas, Leon Lett, linaokota mpira na kukimbia peke yake kwenda kufunga. Yadi kumi kabla ya mstari anaanza kuringa, amenyoosha mkono wenye mpira kama anayeuonyesha sokoni. Hajui kwamba nyuma yake anakuja Don Beebe wa Buffalo, mtu mwembamba ukimlinganisha na yeye, amekimbia uwanja mzima. Beebe akaupangua mpira kwenye mstari kabisa. Lett hakufunga.

Imesaidia nini? Haikusaidia kitu. Walikuwa nyuma kwa pointi 35. Ingekuwa 59 au 52, tofauti iko wapi? Lakini nimewahi kukaa baa moja ya South Buffalo na watu ambao hawakumbuki mabao ya siku hiyo ila wanaikumbuka mbio ya Don Beebe hatua kwa hatua.

Mtaniuliza, dada, wewe ulitoka Fizi, timu hii si ya kwenu, imekuhusu nini? Ninawajibu na Nyarugusu. Mwaka 2003, mnakumbuka? Simba walipowatoa Zamalek kulekule Cairo kwa mikwaju ya penalti. Redio moja, betri zimeanikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu, watu wameizunguka mpaka hewa hakuna. Simba ni ya Dar es Salaam. Nani kati yetu alikuwa ameiona Dar es Salaam? Hatukuwa hata na kibali cha kutoka kambini. Lakini usiku ule kaka yangu alitembea blok hadi blok akisema "tumewatoa." Sisi! Tumewatoa! Mtu ambaye hana nchi, hana shamba, hana kitambulisho, alikuwa na neno "tu". Mnalielewa hilo neno? Ni kiambishi kidogo tu. Mwalimu wa Kiswahili atakwambia ni nafsi ya kwanza wingi. Mimi miaka kumi na minne nilikuwa nalitumia kwa shida tu: tumekimbia, tumesubiri, tumeandikishwa. Bills walinipa mahali pengine pa kulitumia.

Haya, nije kwenye kosa langu.

Timu ilikaa misimu 17 bila kuingia hatua ya mtoano. Ukame huo ulimalizika Desemba 31, 2017, tena kwa msaada wa mtu wa timu nyingine: Andy Dalton wa Cincinnati alirusha tachidauni sekunde za mwisho iliyowatoa Baltimore na kutuingiza sisi. Watu wa Buffalo wakafanya nini? Wakaanza kutuma fedha kwenye mfuko wake wa kusaidia watoto, wengi dola 17 kila mmoja, moja kwa kila mwaka wa ukame. Zikafika mamia ya maelfu ya dola. Mume wangu naye alituma, nami niligundua kwenye taarifa ya benki.

Kisha akaja Josh Allen, kwotabeki wetu, na watoto wetu wakakua naye. Januari 23, 2022 tulikuwa Kansas City. Zimebaki sekunde 13, tunaongoza 36 kwa 33. Sekunde 13! Muda huo huwezi hata kumenya kitunguu. Mzee alikuwa sebuleni kwangu, nimempa chai, tayari nimesimama nataka kupiga vigelegele. Kansas City wakarusha mara mbili, wakapiga mkwaju, sare. Muda wa nyongeza, ikarushwa sarafu, wao wakapata mpira, wakafunga. 42 kwa 36. Allen hakuugusa mpira tena. Baadaye mwaka uleule walibadilisha sheria, sasa katika mtoano kila timu lazima iupate mpira. Asante sana. Mmefunga zizi ng'ombe wameshatoka.

Kijana wangu wa pili alikuwa na miaka 14. Alijikunja kwenye zulia akalia. Nami, mama yake, niliyevuka ziwa usiku kwa mtumbwi, nikamwambia, "Nyamaza. Huu ni mchezo tu. Wewe hujui msiba."

Nilisema hivyo. Mbele ya watu.

Mzee akaweka kikombe chini. Ana magoti mabovu, lakini alishuka kutoka kwenye kochi, taratibu, akakaa kwenye zulia karibu na mtoto. Hakumgusa. Hakusema kitu. Wakakaa hivyo. Na mimi nikakumbuka Novemba 2010, kiti alichonipa, na robo saa yetu ya kunyamaza. Yeye hakuniambia siku ile, "Mama, wewe umetoka vitani, nini kimekuleta kwenye kilio chetu cha mpira?" Alinipa kiti tu.

Kwa hiyo, dada yangu uliyenipigia simu, wala si daktari, wala si mchungaji. Kaa kwenye zulia. Mtoto ambaye hakulia kwa babu yake labda hakujua alie na nani. Hapa alijua mtaa mzima unalia naye.

Na mji huu unajua tofauti kati ya vilio, msidhani haujui. Mwaka huohuo wa 2022, Mei 14, watu kumi weusi waliuawa kwa risasi dukani Jefferson Avenue, wengine wakinunua chakula cha jioni tu. Wachezaji wakaja pale wakasimama kwenye foleni kugawa chakula. Desemba ikaja tufani ya theluji siku za Krismasi, ikaua watu zaidi ya arobaini katika wilaya yetu. Halafu Januari 2, 2023, mechi ya usiku Cincinnati, mchezaji wetu Damar Hamlin akamkaba mtu, akasimama, akaanguka chali. Moyo umesimama. Wahudumu wa tiba wanamkandamiza kifua uwanjani, wachezaji wamepiga magoti wamemzunguka ili kamera zisimwone, na mashabiki wa Cincinnati wakaenda kusimama nje ya hospitali usiku ule. Nyumbani kwangu yule kijana aliniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, amekufa?" Mara hiyo swali lilikuwa swali.

Hakufa. Alipoamka, bado ana bomba la kupumulia kooni, aliandika kwenye karatasi akiuliza kama tumeshinda. Nilikwenda kujifunza kukandamiza kifua mwezi uliofuata. Nawashauri mjifunze, ni saa chache tu.

Sasa yasiyopendeza, maana sikuja hapa kuwauzia jezi. Kijana wangu aliomba kucheza, nilikataa. Vichwa vinagongana, na ubongo hauna kofia ya ndani. Atatazama, hatacheza, na bado amenikasirikia. Pili, kamari ya simu. Tangu Januari 2022 ni halali katika jimbo hili, na matangazo yake yako kila baada ya dakika tatu. Kijana, ukiweka fedha ya kodi ya nyumba juu ya Josh Allen, wewe si shabiki, wewe ni mdeni. Tatu, uwanja mpya unaomalizika ng'ambo ya ule wa zamani, Orchard Park. Dola milioni 850 zimetoka kwenye kodi za jimbo na wilaya, yaani na zako unayefua mashuka. Na mwenye tiketi ya msimu lazima alipie kwanza haki ya kununua tiketi, kabla hajanunua tiketi yenyewe. Mzee amekuwa na kiti chake tangu uwanja wa sasa ulipofunguliwa 1973. Amepiga hesabu akasema hataweza. Huu ndio msimu wake wa mwisho uwanjani. Hilo mimi limeniuma kuliko sekunde 13, na sijaona aliyekuja kukaa naye kwenye zulia.

Ndiyo maana nimeomba ukumbi huu kwa Jumapili, Septemba 7, saa mbili na dakika ishirini usiku. Mechi ya kwanza, na Baltimore. Mzee amekubali kuja. Hali pilipili, mkae mkijua. Sambusa wanaleta akina mama wa kwaya, mabawa ya kuku wanaleta vijana, wasio na zamu wabaki kuosha vyombo. Viti ninavyo kumi na viwili, mwenye cha kukunja aje nacho.

Na ninyi wa nyuma mliozoea kuiga wale mashabiki wa Bills wanaoruka kutoka juu ya gari na kuvunja meza kwa mgongo: meza hizi ni za kanisa. Nimezihesabu. Ziko sita.